Mafundi wa Kueleweka

Soko la Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, lina shilingi za aina mbili. Katika miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa 25 hadi 30 hivi za Uganda, kutegemea siku na kutegemea anayebadilisha amekuonaje. Kwa hiyo mteja akiuliza bei ya fungu la nyanya, jibu lina sehemu mbili: ni ngapi, na ni za upande gani. Mchuuzi anayesikia hutamka tu, "Elfu mbili za Uganda," huku akiendelea kupanga nyanya zake. Mchuuzi kiziwi hujibu swali hilo hilo kutwa nzima, na ukimtazama bila haraka utaona ufundi ambao wengi wetu tunaupita tukidhani ni kurusharusha mikono.

Kazi yake huanza kabla mteja hajafika mezani. Amekwisha kuona ametokea upande wa geti au upande wa stendi, ameshika noti ya rangi gani, ana mfuko wa kubebea au hana, anatazama nyanya au anatazama watu. Mteja anapofungua mdomo, mchuuzi ameshakisia nusu ya yatakayosemwa, maana sokoni hakusemwi mengi mapya. Hugusa sikio na kutikisa kichwa mara moja, bila kuomba radhi: sisikii, nitazame. Kisha huonyesha fungu, huinua vidole viwili, na kuchomoza pembe ya noti ya buluu ya Uganda kutoka kwenye mkoba wa kiunoni. Bei imesemwa na sarafu imetajwa. Mteja akitoa noti ya Kenya, mchuuzi hapotezi muda kumfundisha hesabu. Anaipiga kichwani, anaonyesha saba, kisha sifuri. Mteja akisita, simu inatolewa, namba inaandikwa kwenye kikokotoo na skrini inageuzwa. Mteja anafuta, anaandika ya kwake. Simu inapokezanwa hivyo, na uso wa mchuuzi unasema yale ambayo namba haziwezi: mshangao, huzuni ya kuigiza, kicheko. Mwisho nyanya moja ya nyongeza inatumbukizwa mfukoni, na wote wawili wameridhika.

Mteja huondoka akiamini kwamba mazungumzo yalikuwa rahisi. Yalikuwa rahisi kwake. Kila kitu kilichoyarahisisha kilifanywa na upande wa pili: nani atazame wapi, kipi kionyeshwe kwanza, lini kurudia na lini kubadili njia badala ya kurudia. Husikika watu wakimsifu kiziwi kwa "mikono myepesi". Mikono ni sehemu ndogo. Ufundi mkubwa uko katika kumpima mtu aliye mbele yako, kujua anaweza kupokea nini, na kumpa hicho hicho.

Malighafi ya kwanza ya ufundi huu ni yetu sote. Watu wa Afrika Mashariki wanaosikia huongea kwa mwili kuliko wanavyokiri. Mtafiti Chet Creider aliandika mwaka 1977 kuhusu ishara za mikono na uso miongoni mwa jamii kadhaa za Kenya, Waluo wakiwemo, na Claudia Zaslavsky, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu hesabu za Afrika, alieleza jinsi jamii za ukanda huu zinavyotofautiana katika kuhesabu kwa vidole. Mchuuzi wa Busia hajasoma maandishi hayo na hana haja nayo. Anajua kwamba mtu huitwa kwa kiganja kilichoelekea chini, kwamba wengine huelekeza kwa midomo mikono ikiwa imejaa mizigo, na kwamba mzee wa kijijini anaweza kuonyesha namba kwa namna ambayo kijana wa mjini haitambui.

Tena kuna suala la nyusi. Mganda ukimwuliza kama ana chenji, mara nyingi hatakujibu kwa sauti. Huinua nyusi tu, na hiyo ni ndiyo kamili. Lakini katika mazungumzo ya viziwi, hapa na katika lugha nyingi za ishara duniani, nyusi zilizoinuliwa ndizo zinazogeuza maneno kuwa swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Zikikunjwa, swali ni la nani, wapi au kwa nini. Basi nyusi zile zile ni jibu kwa mteja na ni swali kwa rafiki wa meza ya pili. Mchuuzi huzisoma kwa njia zote mbili ndani ya dakika moja, na sijaona akichanganya.

Busia ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la bodaboda, tangu miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kati ya vituo viwili vya mpaka huku wakinadi "boda, boda". Biashara iliyozaliwa kwa kupiga kelele, kiziwi anaitumia kwa ishara bila shida. Safari ya hospitali ni sindano inayochomwa mkononi. Msikitini ni viganja masikioni. Anayekwenda Tororo ana bahati, kwani mwamba wa mji ule unaonekana kutoka mbali na kuuchora hewani kunatosha. Nauli ni vidole. Bodaboda mwenyewe akianza kuongea kwa sauti kubwa zaidi, kama kawaida ya wanaosikia wakikwama, abiria husubiri amalize, kisha huchora tena.

Haya yote ni mazungumzo ya kiziwi na mgeni. Mtazame sasa anapogeuka kwa kiziwi mwenzake.

Kasi inabadilika, na mwili wote unakaa tayari. Mwanamke anasimulia foleni ya malori kwenye mpaka wa Malaba. Kiganja kimoja bapa ni lori. Cha pili kinakaa nyuma yake, kinarudi nyuma, kinarudi tena, hadi mkono wote umenyooka: malori yamepangana. Mashavu yanajaa hewa, kumaanisha foleni ni ndefu kweli. Macho yanafinyika, kumaanisha mwisho wake hauonekani. Kisha mkono wa kushoto unabaki hewani, ukiyashikilia malori mahali pake, huku mkono wa kulia ukiwa mwendesha baiskeli mwenye mzigo, akipenya kati ya lori na lori, akiyumba, akisimama, akipenya tena. Ghafla mabega ya msimuliaji yanapanuka na kidevu kinainuka. Huyo ni askari. Mabega yanashuka, macho yanatazama juu kwa unyonge, na huyo ni mwenye baiskeli. Upande mmoja wa kifua chake sasa ni Kenya na wa pili ni Uganda. Baada ya dakika tano akitaka kumtaja askari tena, haitaji jina. Anaelekeza kidole pale alipomwacha, na wote wanaotazama wanamwona bado amesimama.

Sisi wa lugha za sauti tunalazimika kusubiri zamu. Neno moja litoke, kisha lingine, na mahali patajwe kabla au baada ya tendo. Hapa mahali, tendo, mtendaji, ukubwa wa jambo na maoni ya msimuliaji vimesemwa pamoja. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu katika chuo cha Gallaudet huko Marekani, alionyesha kwamba ishara za viziwi zina muundo wa ndani kama lugha nyingine yoyote: umbo la mkono, mahali na mwendo, na ukibadilisha kimoja umebadilisha maana. Hapa kwetu wanaisimu kama Okoth Okombo na Philemon Akach waliichambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na upande wa Uganda Sam Lutalo-Kiingi, ambaye mwenyewe ni kiziwi, aliandika tasnifu ya uzamivu mwaka 2014 kuhusu sarufi ya Lugha ya Ishara ya Uganda. Ninawataja kwa sababu bado kuna wasomi wazima wanaouliza kama "vile vitu vya mikono" vina sarufi.

Kukusanyika nako kuna adabu zake. Viziwi wakikutana hukaa kwa duara, kila mmoja aone uso wa kila mmoja, na hakuna atakayekubali kukaa huku dirisha liko nyuma ya anayezungumza, kwani uso wake utakuwa kivuli kitupu. Aliyeinama huguswa begani. Wa mbali hupungiwa mkono, au mguu unakanyagwa sakafuni mtetemo umfikie, au mtu aliye katikati huombwa kwa kidole amshtue jirani yake. Usiku maongezi huhamia penye taa. Umeme ukikatika, tochi za simu hutoka, mmoja akimmulika anayezungumza na wengine wakitulia. Mgeni akifika hupewa jina la ishara, na hapo hakuna upole: kovu la shavuni, pengo la meno, tabia ya kuvuta suruali, chochote kinachoonekana kwanza. Jina hilo hudumu hata kovu likififia.

Sasa turudi kwenye mpaka wenyewe, maana hapa kuna kitu ambacho wanaosikia hawakijui. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamishia utawala wa Kenya ya leo mkoa wa mashariki wa Uganda, na mpaka uliotokana na hatua hiyo umewaacha Wasamia na Wateso pande zote mbili. Kwa wanaosikia, lugha za nyumbani ndizo zinazovuka. Msamia wa Busia ya Kenya anafika Busia ya Uganda na kuongea kama alivyoongea na mama yake asubuhi. Kwa viziwi mambo yamegeuka. Wengi wao hawakupata lugha nyumbani; waliipata shuleni, bwenini, kwa watoto wenzao. Na shule ni za serikali mbili.

Kijana kiziwi wa upande wa Kenya huenda alisoma Mumias au Nyang'oma, shule za viziwi zilizofunguliwa mwaka 1961, zote za magharibi ya nchi. Wa upande wa Uganda, tuseme wa Tororo, huenda alipelekwa Ngora, kule Teso, na baadaye sekondari ya viziwi ya Mbale. Shule za viziwi za kanda hii kwa miaka mingi zilifuata imani iliyoshika nguvu Ulaya tangu mkutano wa Milano wa 1880, kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusoma midomo na kutoa sauti, na mikono ifungwe. Uganda iliruhusu ishara madarasani rasmi mwaka 1988. Lakini hata miaka ile ya marufuku, bweni lilikuwa na lugha yake. Mwalimu akizima taa na kuondoka, watoto walifundishana. Shule iliyokusudia kuiua lugha ndiyo iliyowakusanya watu wa kuiunda, na sidhani kuna kejeli tamu zaidi katika historia ya elimu ya nchi hizi mbili.

Matokeo ni lugha mbili zilizo jirani bila kuwa moja. Zote zimechota kutoka Lugha ya Ishara ya Marekani, na ile ya Uganda imechota pia kutoka Kenya na Uingereza. Tofauti nyingine iko mdomoni. Viziwi hutembeza midomo bila sauti sambamba na ishara, na ya Kenya hufuata Kiswahili na Kiingereza, ilhali ya Uganda hufuata Kiingereza na Kiganda, mara chache Kiswahili. Mikono inaweza kufanana huku midomo ikitoka nchi mbili. Kiziwi wa Kampala akimtazama wa Kisumu hupotea kidogo. Kiziwi wa Busia hapotei. Anatupa ishara ya kwanza, anatazama kama macho ya mwenzake yamekwama, na yakikwama anaongeza ya upande wa pili, au anaizungusha kwa maelezo, au anaiandika herufi kwa herufi kwa vidole vya mkono mmoja. Baada ya robo saa wamepatana kimyakimya neno lipi litumike leo. Wanasiasa wetu wamekaa mikutano mingapi kuhusu kuunganisha kanda hii?

Sheria nazo zimepiga hatua. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaka serikali kuendeleza lugha ya ishara kwa viziwi, ikiwa miongoni mwa katiba za kwanza duniani kuitaja, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia bungeni kuwawakilisha watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikwenda mbali zaidi: Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ni maandishi mazuri. Dirishani pa ofisi, hata hivyo, kuna kioo chenye tundu dogo la kupitishia sauti na karani anayesema huku ameinamia kompyuta.

Katika hilo, kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa na marais Kenyatta na Museveni mwezi Februari 2018, kimesaidia bila kukusudia. Maofisa wa nchi zote mbili huketi jengo moja, katika nchi msafiri anayoingia, na hivyo msafiri hupita jengo moja badala ya mawili. Kwa kiziwi hiyo ni safari moja ya kujieleza badala ya mbili. Aliyezoea njia hana maneno mengi: karatasi zimefunguliwa tayari kwenye ukurasa unaohitajika, simu ina sentensi iliyoandikwa mapema, kalamu iko mkononi. Karani akiinua kichwa, kila kitu kiko mbele yake.

Hatari iko nje, barabarani. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika kuhusu watu wenye ulemavu wa miguu wa Busia walioifanya baiskeli yao ya magurudumu matatu kuwa chombo cha biashara ya kuvuka mpaka, wakionewa huruma na maofisa wa forodha. Baiskeli ile inaonekana. Uziwi hauonekani. Askari akipaza sauti "Simama!" kutoka nyuma, na mtu akaendelea kutembea, anachokiona askari ni dharau au magendo. Kiziwi mzoefu wa mpakani kwa hiyo hutembea akisoma nyuso za wanaomjia. Wakitazama kitu nyuma ya bega lake, naye hugeuka. Nimejaribu kutembea hivyo kwenye msongamano ule na kichwa kiliniuma kabla sijafika stendi.

Mafundi wagumu kuliko wote hawakupita shule yoyote. Malaria ya kupanda kichwani, homa ya uti wa mgongo na surua vimewanyima wengi usikivu utotoni, na dawa kama kwinini na jentamisini, zilizookoa maisha yao, nazo zinaweza kudhuru masikio. Mtoto wa kijiji cha Tororo asiyesikia, asiyemjua kiziwi mwingine, hakai bila lugha akisubiri. Anaiunda. Ng'ombe ni pembe, baba ni ndevu au kofia yake, jana ni jua lililozunguka likarudi. Susan Goldin-Meadow, aliyewachunguza watoto wa namna hii Marekani na Taiwan, aligundua kwamba ishara zao hupata mpangilio ambao mama zao wenyewe hawana: mtoto hupanga, mama hufuatisha vipande. Na watoto hao wakikusanywa pamoja, kama ilivyotokea Nikaragua baada ya shule kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, lugha kamili huzaliwa mbele ya macho ya watu.

Lakini asiyekusanywa hukua na lugha inayoeleweka na watu kumi. Dada yake akiolewa mbali, imebaki ya watu tisa. Siku akishuka Busia na mzigo wa mihogo, ni viziwi waliosoma wanaomtambua kwanza. Hawamrushii ishara za shule. Wanaziweka kando, wanaonyesha, wanaigiza, wanangoja aonyeshe yeye, kisha wanamrudishia ishara yake mwenyewe ajue imepokewa. Baada ya hapo wanaipachika ya kwao kando yake. Sijui mwalimu wa lugha yeyote anayefanya kazi hiyo kwa ustadi kuliko viziwi hao wa sokoni.

Simu imeongeza mengi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na huduma kama hiyo ikafuata Uganda mwaka 2009, kiziwi alipata malipo yanayothibitishwa kwa maandishi, bila mtu wa kumwambia "nimeshakutumia" asimwelewe. Kisha zikaja simu za video, na nazo zina maarifa yake: simu huegemezwa kwenye chupa ya soda ili mikono yote iwe huru, ukuta wa nyuma uwe mtupu, na bando likikaribia kuisha ishara hufanywa pole na kubwa ili picha inayokatikakatika isimeze maana. Mwaka 2020 barakoa zilifunika midomo na nusu ya uso, na mpaka ukafungwa kwa wasafiri wa kawaida. Wanaosikia waliomboleza biashara. Viziwi waliomboleza biashara na mashavu.

Ukitaka kuuona ufundi huu ukifanya kazi pasipo nafasi ya kukosea, fikiria mahakama. Katiba za nchi zote mbili zinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Mkalimani anayesikia, tuseme aliyesomea Chuo Kikuu cha Kyambogo, ana ishara za shule. Shahidi kiziwi wa kijijini, ambaye hakupita shule, hana hata moja. Njia inayotumika katika nchi mbalimbali ni kumweka kiziwi mzoefu kati yao. Hakimu anauliza kama shahidi alimwona mshtakiwa kabla ya wizi wa ng'ombe. Mkalimani analipeleka swali kwa ishara. Kiziwi wa kati anatulia, kwa sababu "kabla" haina umbo na shahidi hana ishara yake. Anajenga nyumba mbele ya kifua, anaweka mlango, anaweka ng'ombe. Anamwonyesha ng'ombe akitoweka. Kisha anarudisha jua nyuma, ng'ombe bado yupo, na anauliza nani amesimama mlangoni. Akimtaja mshtakiwa peke yake atakuwa amemwekea shahidi jibu mdomoni, kwa hiyo anataja watu wanne: mshtakiwa, jirani, mtoto, hakuna mtu. Nyusi zake hazisogei kwa mmoja zaidi ya mwingine. Shahidi anachagua, anasahihisha mahali mlango ulipowekwa, anaongeza kwamba kulikuwa na mvua. Jibu linarudi kupitia mikono miwili na sauti moja, na hakimu anaandika mstari mmoja. Kisha wakili anasimama na kuomba swali liulizwe tena kwa namna nyingine, na kiziwi wa kati anaanza kuijenga nyumba upya, safari hii mlango ukiwa upande ule shahidi alioutaka.